Kwama

Machi, Matamba, mvua ya siku ya nne,
na Fuso la viazi limezama hadi ekseli
chini ya nyumba yangu, kwenye kona ya mikaratusi.
Utingo kaja mlangoni, tope hadi magotini,
hodi kaisahau njiani:
"Mwalimu, tumekwama."

Nikamuuliza (nisameheni,
miaka kumi na tisa ya chaki haitoki kwa maji):
"Mmekwama gari, au mmekwama hela?"
Akayatazama mabuti yake.
"Vyote. Ila nipe jembe kwanza."

Neno hili huku kwetu halilali njaa.
Alfajiri Ostina Chaula yuko dukani kwa Ngailo,
sauti kaishusha chini ya kaunta:
"Nimekwama kidogo."
Hajataja sukari. Hajataja ada.
Ngailo anafungua daftari, analamba kidole,
anatafuta ukurasa wake.
Na hilo "kidogo" ndiyo stara yenyewe;
sijamsikia mtu, hata mwenye kulala na njaa,
akikwama "sana" mbele ya wateja.

Saa nne zipu ya sweta inakwama
shingoni mwa mtoto wa darasa la pili.
Anazunguka kipofu kati ya madawati,
wenzake wanapiga kelele: "Kanasa! Kanasa!"
Hapana, nawaambia, huku naivuta zipu kwa meno,
kunasa kuna mtego, na mtego una mwenyewe.
Kukwama hakuna wa kulaumiwa.

Nilifundisha hivyo. Niliandika ubaoni hivyo.

Lakini baba alikuwa karani wa pareto,
alipima maua makavu ya watu kwa mizani ya haki
hadi vumbi lake likamharibu macho,
na kiinua mgongo chake, walisema, kimekwama.
Wapi? Wilayani. Kisha mkoani. Kisha tena wilayani.
Faili limekwama, mzee, njoo mwezi ujao.
Kana kwamba faili lina magurudumu,
kana kwamba kati ya meza na meza
kunanyesha.

Alikwenda na koti lake la mazishi ya watu,
akarudi nalo, akalitundika.
Mwaka wa sita tulimzika nalo.
Nikasimama nimshukuru kwa niaba ya ukoo,
nikasema "Baba yetu,"
na lililofuata likakaa hapa, chini ya koo,
kama tonge la ugali wa jana.
Mama mdogo akanivuta mkono, nikaketi.
Bado lipo. Baridi ya Juni hulikaza.

Huko chini sasa wanakata matawi.
Zebedayo Tweve kaleta mnyororo wa kuvutia magogo,
wanawake wanamwaga majivu ya mekoni mbele ya tairi,
Ngailo kafunga duka, anasukuma kwa bega,
na Ostina yuko ubavuni mwake, anasukuma,
hakuna anayeuliza nani anamdai nani.
"Moja! Mbili!"
Tairi linatema tope hadi kwenye kamba yangu ya nguo.
Kwama, kwamua: herufi moja tu, u,
ila sijawahi kumwona mtu akiitamka peke yake.

Utingo karudisha jembe, limeoshwa,
na ndoo ya viazi bado vina udongo.
Jina lake Obeti. Sikuwa nimemuuliza.

Usiku nawasha kandili, umeme nao umekatika,
nachukua karatasi ya mistari.
Kwa Mkurugenzi. Yahusu: mafao ya marehemu.
Naandika "faili limekwama," nalikata.
Kuna kiambishi nilichowafundisha watoto wa watu
na kukiogopa mwenyewe miaka yote: -ish-.
Kikiingia katikati ya neno
huingia na mtu, ana kiti, ana muhuri, ana jina.

Naandika: "Faili la baba yangu limekwamishwa na"

Wino upo. Jina nalijua, nililisoma mlangoni kwake.
Mbali, juu ya kona ya tatu,
Fuso linabadilisha gia,
linaguna, linasita,
nami nimeinua kalamu, nasikiliza.